Viatu Vilivyopanda Mimbarani

Mtu mmoja alikuwa na chumba chenye mlango wa kioo, na mlango ule ulikuwa fahari yake. Aliitwa Ambakisye Mwaisumo, mchungaji wa chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu, kule ambako ukungu hulala juu ya mashamba ya chai mpaka jua lipate nguvu. Hakufundisha darasani wala hakusahihisha mitihani. Jumapili alihubiri katika kanisa la chuo, na siku nyingine alikaa katika chumba kile, pembeni mwa kanisa, akiwasikiliza wanafunzi waliolemewa.

Mlango ule ulikuwa na historia yake. Kabla ya Ambakisye alikuwapo mchungaji mwingine, na mlango wake ulikuwa wa mninga mzito, ukifungwa kwa ndani. Yaliyotokea nyuma ya mninga ule wazee wa kanisa hawapendi kuyasimulia. Inatosha kusema kwamba binti mmoja aliacha masomo, na mchungaji yule akahamishwa kimya kimya, akapewa kondoo wengine wasio na habari zake. Baadaye kanisa la chuo likaona aibu mara mbili, aibu ya kosa na aibu ya kulificha. Wakaung'oa mninga, wakaweka kioo toka juu hadi chini, ili apitaye nje amwone mchungaji na mgeni wake lakini asisikie wanachosema. Ndani wakaweka viti viwili vya kimo kimoja, mchungaji asipate kumtazama mtu kwa juu. Tena wakaweka utaratibu ambao mimi sijausikia kwingine. Muhula unapokaribia kwisha, mchungaji hukitwaa kiti cha mgeni, akakibeba begani mwenyewe bila kusaidiwa, akavuka nacho uwanja wanafunzi wakimwona, akakiweka mbele ya madhabahu na kukikalia. Hapo baraza la kanisa humhoji mbele ya kila aliyetaka kuja. Waliiita Siku ya Kiti.

Wapo wachungaji waliotajiwa kazi hiyo wakaikataa kwa sababu ya kile kiti. Ambakisye aliipokea kwa sababu ya kile kiti. Kioo alikifuta mwenyewe kila asubuhi kwa gazeti na maji ya uvuguvugu, mpaka ndege wakawa wanajigonga. Wageni walipokuja kutoka vyuo vingine aliwapeleka kukiona kabla hata hawajapewa chai. Alipenda kusema chema chajiuza, ila mlango wake aliutembeza mwenyewe, hadi wenzake wakamtania kwamba siku akifa azikwe kwenye jeneza la kioo ili watu waone hajaiba kitu.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hakuwa mtu wa kuvaa joho mchana na kulivua jioni. Bwenini kwa mabinti hakukanyaga. Zawadi ya mwanafunzi hakupokea, hata parachichi. Kila Siku ya Kiti alijibu maswali yote akimtazama usoni mwulizaji, na watu walipompigia makofi aliinamisha kichwa kwa adabu, na moyoni alifurahi sana. Sioni vibaya kuisema furaha ile. Mtu akisimama wima mahali ambapo mwenzake alianguka, ana haki ya kuuhisi uti wake wa mgongo.

Alikuwa na kipaji kingine pia, nacho ni ulimi. Ambakisye akihubiri, hata wale waliokuja kanisani kumfuata mchumba walisahau mchumba. Siri yake ilikuwa mifano. Hakupenda kumwaga maneno makubwa ya chuo cha theolojia. Alitafuta kisa kimoja kidogo cha mtu wa kawaida, akakiweka katikati ya mahubiri, na kanisa zima likanyamaza. Kupata kisa cha namna hiyo si rahisi. Alikitafuta juma zima, sokoni, barabarani, hata mezani akila, jinsi mpishi atafutavyo chumvi.

Mchana mmoja wa mvua aliingia chumbani mwake binti aitwaye Tusekile. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea ualimu wa hisabati, mpole, mwenye kuketi pembeni. Alikaa kwenye kiti cha mgeni, akatazama mvua kwenye kioo muda mrefu, kisha akasema lililomleta. Mama yake alikuwa gerezani. Kwa kosa gani, sitasema, kwa kuwa si letu. Siku ya hukumu mama yule alikwenda mahakamani amevaa viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vya kisigino kifupi, vyenye bizimu ndogo ya kufungia ubavuni. Alipokwisha kuhukumiwa aliinama, akavivua, akampa binti yake, akamwambia amtunzie, atavivaa akitoka. Akapanda gari la magereza bila viatu.

Tangu siku hiyo Tusekile aliviweka chini ya kitanda chake bwenini. Kila Jumamosi, wenzake wakienda kufua, yeye alivitoa, akavifuta vumbi, akavipaka dawa, akavisugua mpaka vikang'aa, kisha akavirudisha. Wenzake wa chumbani walipouliza alisema ni vya shangazi. Walipouliza habari za mama alisema yuko Songea. Uongo wa kwanza ulizaa wa pili, na sasa alikuwa amechoka, hasomi, hali vizuri, anaogopa hata kuulizwa hujambo. Hakuna mtu mwingine chuo kizima aliyejua habari ile.

Ambakisye alimsikiliza kama watu wachache wawezavyo kusikiliza. Hakumkatiza, hakumtajia aya ya Biblia kabla hajamaliza. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya kuigiza. Alipomwombea alimwambia kwamba maneno yake yamebaki ndani ya kuta zile, na kwamba kioo kinaonyesha watu lakini hakina mdomo. Tusekile alitoka amenyooka mabega. Alirudi tena na tena muhula ule. Alianza kula. Alianza kucheka. Aliingia kwaya ya chuo, na sauti yake ya pili ikawa inawashika wengine wasipotee. Ambakisye alimtazama kutoka madhabahuni akaona kwamba kazi yake si bure, na kwa hilo alikuwa na haki ya kujivuna.

Kisha ikatangazwa kwamba Askofu atakuja Jumapili ya kuwaaga wahitimu. Somo la siku lilikuwa juu ya kungoja kwa tumaini. Ambakisye aliandaa mahubiri yake, akayaona yana mifupa mitupu. Alitafuta kisa cha kuyavika nyama. Alikumbuka mkulima aliyengoja mvua, akaona wakulima wa namna hiyo wamechakaa mimbarani. Alikumbuka mjane fulani, akaona wajane nao wamekwisha. Ndipo vile viatu vikamjia mawazoni, vimekaa chini ya kitanda, vinang'aa, vinamngoja mwenyewe. Alivifukuza. Vikarudi.

Basi akafanya kama wahubiri wengi wafanyavyo, tena wahubiri wema. Alimvisha yule binti nguo nyingine. Alimgeuza kuwa kijana wa kiume. Alimtoa nyanda za juu akampeleka kando ya ziwa la mbali. Chuo kikuu alikifanya shule ya sekondari, na miaka ya kifungo akaibadili. Alikuwa mwangalifu, na kila alipobadili jambo moja dhamiri yake ilinyamaza kidogo. Hatimaye akafika kwenye viatu. Alijaribu kuvifanya kanga, lakini kanga haisuguliwi ikang'aa. Alijaribu kuvifanya sufuria, kisa kikafa mikononi mwake. Mwishowe akaviacha viatu vikabaki viatu, vyeusi, na bizimu yake ubavuni. Alijiuliza nani atavijua, akajijibu kwamba hakuna, akaendelea kuandaa sala ya mwisho.

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi madirishani. Ambakisye alipofika kwenye mfano wake alishusha sauti, akainua mkono mmoja, akasugua hewa polepole, kama mtu anayesugua kiatu. Leso zikaanza kutoka mikobani. Askofu alivua miwani yake akaifuta. Ambakisye aliliona kanisa zima limo kiganjani mwake, na fahari ikampanda mpaka masikioni. Ni wakati huo ndipo alipowaona mabinti fulani wa benchi la mbele wakigeuza shingo zao, mmoja baada ya mwingine, kutazama upande wa kwaya. Aliyatambua macho yale. Yalikuwa macho ya watu waliolala chumba kimoja na vile viatu. Tusekile alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo, hageuzi hata karatasi. Ambakisye alielewa kila kitu kabla sentensi yake haijafika mwisho. Alielewa, na akaendelea kuhubiri, maana alikuwa bado hajawaita watu mbele kutubu.

Waliokuja mbele walikuwa wengi. Mezani, kwenye ndizi na kuku, Askofu alisema hajasikia mahubiri ya namna ile kwa muda mrefu. Ambakisye alishukuru. Kuku aliyewekewa hakumgusa.

Bwenini hakuna aliyemcheka Tusekile, na hilo ndilo lililomuumiza. Wangemcheka angejua pa kuwaweka. Badala yake walimkumbatia. Mmoja alimfagilia upande wake wa chumba. Mwingine, tena kwa moyo mwema kabisa, alimnunulia kopo la dawa ya viatu. Wasichana wa vyumba vingine walipita kumpa pole na kuchungulia chini ya kitanda. Ile saa ya Jumamosi aliyokuwa nayo peke yake na mama yake ikawa mali ya bweni zima. Aliacha kwaya. Viatu alivifunga kwenye mfuko wa nailoni, akavisukumia chini kabisa ya begi, akaacha kuvisugua. Kwa wenzake alisema muhula ukiisha anakwenda nyumbani, wala harudi.

Ambakisye alimwita kupitia wanakwaya, hakuja. Alimwona kupitia kioo chake akikatiza uwanja, mkono wenye kitabu umefunika uso upande wa kanisa. Alijitetea moyoni kwa hoja nyingi. Hakumtaja jina. Alibadili kila kitu. Watu wameokoka. Alipoona hoja hazimtoshi alimfuata rafiki yake Gwamaka, mhadhiri na mjumbe wa baraza la kanisa, akamweleza bila kumtaja binti. Gwamaka alikuwa mtu mwema asiyependa makelele. Alimwambia yaliyopita si ndwele, afunike kombe mwanaharamu apite. Tena akamkumbusha jambo ambalo lilikuwa kweli: katika maswali yote ya Siku ya Kiti hakuna hata moja linalohusu mimbara. Baraza liliyatunga maswali yale baada ya mlango wa mninga, kwa hiyo liliuliza habari za milango, zawadi na mabweni. Kwamba siri ingeweza kutoka mchana kweupe, kwa kipaza sauti, mbele ya Askofu, hakuna aliyewahi kulifikiria.

Muhula ulipokuwa ukingoni Tusekile alikuja mwenyewe. Ambakisye alimsogezea kiti cha mgeni, lakini binti hakukaa. Alisimama hapo mlangoni, ameushika mlango wa kioo ukiwa wazi. Mchungaji alianza kueleza, akaeleza sana, akasema jinsi alivyojitahidi kuficha, na kwamba jina lake hakulitamka hata mara moja. Tusekile alimsubiri amalize, kama yeye alivyowahi kusubiriwa.

"Baba Mchungaji," akasema, "afadhali ungenitaja jina. Kina Tusekile tuko wengi hapa chuoni. Viatu vile nilikuwa navyo mimi peke yangu."

Kwa mara ya kwanza tangu apewe ulimi Ambakisye aliacha kujitetea. Alikaa chini. Akamuuliza anataka nini kwake, akamwambia kwamba yuko tayari kuandika kuacha kazi na kuondoka siku hiyohiyo. Tusekile akasema yule wa mlango wa mninga naye aliondoka, na kuondoka kwake hakukumsaidia mtu. Yeye alitaka jambo moja. Pale mchungaji aliposimama kulisema lile, asimame hapohapo aliseme na hili. Viatu asivitaje tena. Kuhusu kusamehe, alisema bado hajajua, asimharakishe. Akauachia mlango ukajifunga polepole, akaenda zake.

Siku ya Kiti ilipofika Ambakisye alibeba kiti begani akavuka uwanja. Wanafunzi walimpisha kwa heshima. Aliyeongoza baraza alikuwa Mama Subilaga, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo na msimamo mgumu, ambaye ndiye aliyempendekeza Ambakisye kwa kazi ile na kumpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Alimuuliza maswali yale yale. Je, amefunga mlango kwa ndani? Hapana. Amepokea zawadi? Hapana. Amekanyaga mabwenini? Hapana. Kila jibu lilikuwa kweli, na kila kweli ilimchoma. Makofi yakalia. Mama Subilaga alifunika Biblia yake, akauliza kama kawaida iwapo mchungaji ana neno la mwisho kabla ya sala.

Hapo ndipo palikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa wazi. Angeweza kusema hana. Kiti kingerudi mahali pake, kioo kingebaki safi, wageni wangeendelea kuletwa kukiona. Nyuma ya kanisa, karibu na nguzo ya mwisho, Tusekile alikuwa amesimama, begi lake miguuni.

Ambakisye alinyanyuka kwenye kiti akapanda mimbarani, jambo ambalo halikuwa kawaida ya siku ile, na minong'ono ikaanza.

"Kuna swali ambalo hamjaniuliza," akasema. "Mtu aliniamini na siri yake mle chumbani. Mimi nikaipandisha hapa, nikaihubiri, kwa sababu ilikuwa tamu. Nilimwona alivyoumia, na sikukatiza mahubiri. Msimtafute ni nani. Anayetafutwa leo ni mimi."

Alishuka, akakaa tena. Hakusema viatu. Hakulia pia, kwa kuwa alijua machozi yake yangekuwa mfano mwingine mtamu.

Gwamaka alisimama wa kwanza. Alisema ndugu yetu ametubu, ameonyesha unyenyekevu mkubwa, basi asamehewe na mkutano ufungwe kwa sala. Amina nyingi zikaitikia, maana watu walimpenda mchungaji wao, na upendo hupenda njia ya mkato. Mama Subilaga aliinua mkono.

"Kusamehe ni kwa aliyekosewa, nasi hatukukosewa," akasema. "Sisi tumewekwa kukilinda kiti."

Waliokaa mbele waliona anavyolishika vazi lake gotini. Lakini hakurudi nyuma. Baraza liliamua palepale, mbele ya wote. Muhula mzima unaofuata Ambakisye asipande mimbarani wala asikae chumba cha kusikilizia. Kazi hiyo ifanywe na mchungaji mstaafu wa mjini. Naye Ambakisye kila juma aende kwa mstaafu huyo, akae yeye kwenye kiti cha mgeni, asikilizwe na kuulizwa. Na tangu siku hiyo, Siku ya Kiti ianze kwa swali jipya kabla ya mengine yote: Umetoka na nini mle chumbani?

Habari zilimfikia Askofu. Alituma ujumbe kwa upole, akiuliza kama haiwezekani adhabu ikapunguzwa, kwa kuwa mhubiri wa namna ile ni hazina na vijana wanamhitaji. Baraza lilijibu kwa heshima zote kwamba vijana wanamhitaji, ndiyo maana haitapunguzwa. Nami nikilikumbuka jibu lile kifua hunipanuka, maana nimeyaona makanisa makubwa, yenye kengele za ng'ambo na vinanda, ambayo yasingethubutu. Askofu naye, tumpe lake, hakusema zaidi.

Lakini nimeruka mbele. Siku ile, mkutano ulipofungwa, Ambakisye alikitwaa kiti akakibeba begani kurudi chumbani. Hakuna aliyemsaidia, ndivyo utaratibu ulivyo. Uwanja ni ule ule, kiti ni kile kile, ila mabega yake yalikuwa yamechoka. Alipofika mlangoni alikuta Tusekile ametangulia. Hakumwamkia, hakutabasamu. Alishika tu mlango wa kioo, akauvuta, akaushikilia mpaka mchungaji alipopita na kiti chake. Kisha akaokota begi lake akarudi nalo bwenini.

Muhula uliofuata Ambakisye alikaa benchi la nyuma akisikiliza mahubiri ya wengine, mengine mazuri, mengine ya kutia usingizi. Mwanzoni aliona haya kila mtu alipogeuka. Baadaye kikamjia kitu ambacho hakukitegemea, nacho ni fahari, tena kubwa kuliko ya kwanza. Fahari ya kwanza ilikuwa ya kwamba yeye ni safi. Hii ya sasa ilikuwa ya kwamba analitumikia kanisa lisiloogopa kumwambia hapana, na kwamba binti aliyeumizwa hapo hakulazimika kuhama ili mkubwa abaki. Alipowaona wanafunzi wapya wakiingia mle chumbani na kutoka wamenyooka mabega, huku mstaafu wa watu akisinziasinzia katikati ya zamu, alifurahi kama mwenye nyumba. Muhula ulipokwisha akakibeba kiti, akaulizwa lile swali jipya, akajibu, akarudishiwa kazi yake.

Siku moja, Tusekile akiwa mwaka wa mwisho, ukungu ulikuwa umeondoka mapema na jua limewaka juu ya madimbwi ya jana. Ambakisye alikuwa anafuta kioo. Aliona watu wawili wanakatiza uwanja polepole. Mmoja alikuwa Tusekile. Wa pili alikuwa mama mfupi, amejitanda kitenge, anachagua pa kukanyaga ili asichafue viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vya kisigino kifupi, na bizimu yake ilishika jua ikang'aa mpaka kwenye kioo. Walipofika usawa wa mlango Tusekile alisimama, akamtazama mchungaji, akamwonyesha mama yake kwa kidevu, akimwambia bila maneno kwamba ndiye huyu. Hawakuingia. Yule mama aliinamisha kichwa kidogo kumsalimu mtu asiyemjua, wakaendelea na safari yao.

Ambakisye alibaki ameshika gazeti lenye maji. Alijua kwamba amepewa mwisho wa kisa kitamu kuliko vyote alivyowahi kuvipata, na kwamba Jumapili ilikuwa karibu, na kwamba kanisa lingelia machozi ya furaha. Jumapili ilifika, akahubiri habari za mkulima aliyengoja mvua. Watu walipotoka walisema mahubiri ya leo ni ya kawaida tu, mchungaji ameanza kuzeeka. Aliyasikia. Akatembea kwenda nyumbani kwake kifua mbele, akiwaitikia watu salamu, na hakuna mtu barabara nzima aliyejua mzee yule anajivunia nini.

Pengine mtauliza kisa hiki mimi nimekipata wapi, ikiwa Ambakisye alikaa nacho kimya mpaka alipostaafu. Ni swali zuri, na nisingekaa kitako kukisimulia kama lisingekuwa na jibu. Amekitoa Tusekile mwenyewe, ambaye baada ya ualimu alisomea uchungaji na leo ni mchungaji wa chuo, na ana mlango wa kioo, na hubeba kiti chake begani; ya moyoni mwa Ambakisye alielezwa na mwenyewe baada ya kustaafu. Mama yake aliporidhia ndipo alipoanza kukisimulia, na viatu vimo, kwa kuwa ni vyao na wana haki ya kuvionyesha. Lile kosa la mama halimo, nami sikuliuliza. Kila anaposimikwa mchungaji mpya wa chuo humsimulia habari hizi hadharani, humtaja Ambakisye kwa fahari kama mtu amtajavyo baba yake, kisha humuuliza swali ambalo sasa nawaachia ninyi mnaokaa kwenye viti vya kusikilizia: Jumapili iliyopita ulipopanda mimbarani, ulikuwa umevaa viatu vya nani?